Banda Liko Wazi Mpaka Saa Kumi na Moja

Ndugu zetu mliotoka karibu na mliotoka mbali, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na watoto mliokaa chini kwa sababu viti havikutosha, poleni na msiba, na asanteni kwa kuja. Mimi ni dada yake marehemu, kitindamimba wa nyumba yetu, kazi yangu ni ushonaji, si usomaji, na nimesimama hapa kwa sababu watoto wake wawili wamesema sauti zao hazitafika mwisho wa karatasi, kwa hiyo mkiona na mimi nimekwama msihangaike, nisubirini kidogo, nitaendelea.

Kabla sijaanza, ambaye bado hajaandika jina kwenye daftari lililo juu ya meza ya mlangoni, namwomba aandike kabla hatujatoka kwenda makaburini. Najua wengine mmeniuliza mbona safu ya tatu imeandikwa Swali, na tangu lini daftari la msiba likawa na maswali, nami nimewajibu andikeni tu, nitawaeleza nikifika mahali pake.

Marehemu kaka yetu, ambaye jina lake la kwenye vyeti mmeshalisikia kwa mwongoza ratiba, na ambaye nusu ya watu waliomo humu hawakuwahi kumwita kwa jina hilo bali walimwita Haiumi, alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1954, katika wodi ya wazazi ya hospitali iliyopakana ukuta kwa ukuta na karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa tarishi wa ofisi za serikali, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji kama mimi. Akiwa na umri wa miaka saba alifungua cherehani ya mama ili aone uzi unapita wapi, akairudisha yote kabla mama hajatoka sokoni, ikabaki skrubu moja mkononi ambayo hakujua pa kuitia, akaificha, na cherehani ile ikashona miaka thelathini na miwili bila skrubu hiyo, mpaka mama alipofariki ndipo akanikabidhi na kuniomba radhi mimi kwa niaba ya mama. Ninayo mpaka leo kwenye droo ya vifungo.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1961 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1967, akaendelea na masomo ya sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, ambako alifaulu hesabu na kufeli kuimba, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1972 na kutunukiwa cheti cha ufundi wa mashine za ofisi mwezi Desemba 1974.

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 1975, aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikiuza na kutengeneza mashine za taipu, akapewa koti la kijivu, sanduku la bisibisi na kiti chenye mguu mmoja mfupi, na kwa miaka minane alizunguka ofisi za mji mzima akipiga magoti chini ya meza za makarani, mpaka mwaka 1983 kampuni ilipomchagua yeye na wenzake wawili kwenda wiki sita kujifunza kompyuta. Aliporudi alitukusanya sebuleni kwa baba na kutueleza kwa saa nzima, hakuna aliyeelewa hata neno, baba akauliza kama mashine hiyo itapeleka barua, kaka akasema ndiyo baba, ipo siku itapeleka, na baba, ambaye ulaji wake ulikuwa ni kupeleka barua kwa baiskeli, akatoka nje kuipangusa baiskeli yake hadi chakula kilipokuja.

Sasa nafika kwenye maonyesho, na hapa mtanivumilia, maana ukisoma historia ya kaka yangu ukayaruka maonyesho utakuwa umesoma ya mtu mwingine. Maonyesho ya kompyuta yalifanyika kila mwaka, wiki ya tatu ya Septemba, Alhamisi mpaka Jumapili, katika ukumbi mkubwa wa mabati ulioko karibu na uwanja wa mpira, na kaka alihudhuria ya kwanza tarehe 20 Septemba 1984 na ya mwisho tarehe 24 Septemba 2006, miaka ishirini na mitatu bila kukosa hata siku moja. Banda lake lilikuwa namba 47, kwenye kona ya njia ya kwenda chooni, kona ambayo kampuni nyingine zote ziliikataa, yeye akaiomba mwenyewe kila mwaka, akisema hakuna mtu atakayemaliza siku ndani ya ukumbi bila kupita kwake. Kitambaa cha meza yake nilikishona mimi, cha buluu, chenye mfuko mrefu kwa nyuma wa kufichia nyaya, na kabla ya kila maonyesho alikileta kwangu nikipige pasi, kwa sababu, alivyosema, mtu akiona kitambaa kimekunjamana ataamini na mashine ina kasoro.

Nilikwenda mara nyingi, nawaambia nilichokiona. Ulikuwa unaingia unakuta zulia jekundu limetandikwa juu ya saruji, harufu ya gundi ya zulia na plastiki mpya, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa utepe ili watu wasijikwae na bado wakijikwaa, printa zinakereza kila upande, na watu waliovalia nguo zao za heshima wakitembea na mifuko iliyojaa vipeperushi ambavyo hawatavisoma, mama yetu akivipenda kuliko wote kwa kutandikia kabati la vyombo. Mabanda mengine yalikuwa na kamba ya kuzuia watu, wauzaji wakisimama mbele ya mashine kama walinzi wa benki. Kaka hakuweka kamba. Aliwavuta watu wenye woga, wale wanaosimama mbali na mikono imeshikana mgongoni, akawasogeza hadi kwenye kibodi na kuwaambia, gusa, haiumi, na mtu akigusa aliambiwa aandike jina lake, herufi moja moja, kisha kaka alibonyeza na printa ikatoa jina lile kwenye karatasi yenye vitobo pembeni, mtu akaondoka nalo amelikunja mfukoni. Nimeona watu wazima wakirudi mwaka wa pili na karatasi hiyo ndani ya pochi. Hivyo ndivyo alivyopata jina la Haiumi.

Halafu kulikuwa na daftari. Kila aliyefika bandani aliandika jina, alikotoka, na swali lake, na kaka alikuwa na sharti alilojiwekea mwenyewe, kwamba hakuna swali litakalovuka mwezi Oktoba bila jibu, akajibu kwa barua, kwa mkono wake, hata maswali ambayo mimi ningeyacheka. Mwaka 1987 mlinzi wa ukumbi aliandika akiuliza, ikizimwa, yaliyokuwa ndani yanakwenda wapi? Kaka alimwandikia kurasa mbili na michoro mitatu. Mlinzi huyo ni mzee sasa, yuko hapa, amekaa safu ya nyuma kabisa, na asubuhi alinionyesha barua hiyo, amekuwa nayo miaka thelathini na sita.

Na kulikuwa na desturi ya mwisho, ambayo nawaomba muishike vichwani mwenu kwa sababu nitairudia. Mwonyeshaji hakai. Kaka alikuwa akisimama bandani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni siku zote nne, kiti kikiwa ni cha mgeni, na siku ya mwisho, kipaza sauti kilipotangaza kwamba ukumbi unafungwa, wenye mabanda wote walisimama mahali pao wakapigiana makofi, hata wale walioshinda siku nne wakisemana vibaya, makofi ya dakika nzima, bati linatetemeka, na baada ya hapo ndipo watu walikaa chini, wakavua viatu, wakacheka. Alikuwa akiniambia kwamba hakuna sauti anayoingoja mwaka mzima kama ile.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1986, na wifi yangu mpendwa, ambaye alimpata mlangoni mwa maonyesho yale yale ya mwaka 1984, ambako alikuwa karani wa kuandika beji za wageni, na msije mkacheka, beji za maonyesho ya kompyuta zilikuwa zinaandikwa kwa mashine ya taipu, ikakwama asubuhi ya siku ya kwanza foleni ikiwa imefika barabarani, na katika ukumbi mzima uliojaa wataalamu wenye tai hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa kaka, aliyepiga magoti, akaomba pini ya nywele, akainasua. Pini hakuirudisha. Wifi alikuwa akisema alikwenda kuidai ndipo akaolewa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1988, ambaye anafanya kazi nje ya nchi na amefika jana, na wa pili wa kike, muuguzi, aliyezaliwa Alhamisi, tarehe 19 Septemba 1991, siku ya kwanza ya maonyesho, bila kumshauri baba yake. Kaka alifika hospitali jioni akitoka moja kwa moja ukumbini, muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, lakini alikuwa amesahau kuvua beji, mkunga akaiona inaning'inia kifuani akadhani ni mkaguzi kutoka wizarani, akamfungulia mlango na kumwonyesha wodi nzima, kitanda kwa kitanda, mpaka alipofika kwa mkewe akaanza kulia, ndipo wakamshtukia.

Mwezi Machi 2007 ilikuja barua kutoka kwa waandaaji, wakisema maonyesho hayatafanyika tena, kampuni zimepungua na watu wanasoma kila kitu kwenye mtandao. Ukumbi ule ukawa duka la vigae na masinki. Septemba ilipofika kaka alihamisha makochi ya sebuleni, akatandika kitambaa cha buluu juu ya meza ya chakula, akapanga kompyuta mbili za zamani na printa, akabandika namba 47 ukutani, akavaa tai, na Alhamisi saa tatu kamili akafungua mlango. Wifi yangu aliandika beji. Tulikwenda wote, ndugu na majirani na wenzake wa kazini, kwa kicheko kusema kweli, tukaandika majina yetu kwenye daftari, tukauliza maswali ya utani, na Jumapili saa kumi na moja tukampigia makofi, na wageni wa mwaka huo walikuwa thelathini na mmoja. Utani ule ukawa mazoea, tukaenda mwaka uliofuata, na uliofuata.

Alistaafu rasmi tarehe 31 Machi 2014, baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa, na tarehe 8 Mei 2015 wifi yangu alifariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Watoto walikuwa wameshakwenda mbali na kazi zao. Nyumba ikabaki na mtu mmoja, na mimi ninayekaa mitaa miwili kutoka pale nilikuwa nampelekea chakula siku za Jumatano, nikimkuta ameketi kwenye kochi moja, lile lile, mengine matatu yana vumbi. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa anauliza habari za cherehani yangu kama mtu anayemuulizia ndugu, na nilipokuwa nainuka kuondoka alikumbuka jambo moja zaidi la kunieleza, na tulipofika mlangoni jingine, na getini jingine, nami nilikuwa na haraka, siku zote nilikuwa na haraka.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Juni 2017 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, na tarehe 11 Agosti 2021 alilazwa siku tisa, madaktari wakaona moyo umetanuka, wakampa dawa na kumkataza kusimama muda mrefu. Nilimnunulia kiti kirefu chenye mgongo ili siku zake nne za Septemba asimame kidogo na kukaa kidogo. Nilipopita mwezi uliofuata, siku hizo nne zimekwisha, nilikikuta kiti changu upande wa mgeni.

Daftari lake ninalo, na nimelisoma lote juzi. Mwaka 2016 wageni tisa. Mwaka 2018 wanne. Mwaka 2019 wawili, mmoja wao mimi. Mwaka 2020 watu walikatazwa kutoka. Mwaka 2021 hakuna, na kila siku ameandika kwa mwandiko wake mzuri, wageni sifuri, mashine ziko tayari. Mwaka 2022 alikuja mtu mmoja, msoma mita ya maji, aliyeingia kusoma mita akajikuta ameandikishwa, na kwenye safu ya swali ameandika, nisaini wapi? Nasikia alitolewa jina lake kwenye printa na kunyweshwa chai, na barua ya kumshukuru ikamfuata ofisini kwake kabla ya Oktoba kuisha. Amekuja leo pia, simfahamu kwa sura, lakini jina lake nimeliona mlangoni.

Mwaka huu, Alhamisi ya tarehe 21 Septemba, wageni sifuri. Ijumaa, sifuri. Jumamosi saa nane mchana nilipita mbele ya nyumba yake nimebeba gauni la bibi harusi mikononi, mlango ulikuwa wazi, naye amesimama pale na tai yake, akanionyesha daftari kwa kidole, hakuita, alinionyesha tu, nami nikamwambia kwa sauti kutoka barabarani, kesho, kaka, kesho nakuja. Jumapili mwenye gauni alirudi anataka kiuno kipunguzwe. Nilikaa kwenye cherehani mpaka jioni. Sina sababu nyingine ya kuwaambia, ningekuwa nayo ningeisema.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi viatu, ndiye aliyetambua. Ameniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba kwa miaka hii yote, kila Septemba, Jumapili moja, saa kumi na moja kamili, alisikia kupitia ukutani makofi ya mtu mmoja, yanaendelea kwa dakika nzima, kisha kiti kinavutwa, kisha kimya. Hakuwahi kuuliza, aliona ni mambo ya mtu na nyumba yake. Tarehe 24 Septemba 2023 saa kumi na moja ilifika, ikapita, akaangalia saa yake mara mbili, hakusikia kitu, akaweka nyundo chini akaenda kugonga. Alimkuta amelala sakafuni nyuma ya meza, amevaa tai na beji, kompyuta zote mbili zinawaka, na daktari amesema moyo ulisimama kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa na miezi sita.

Juu ya meza kulikuwa na beji ya pili, mpya, yenye jina langu. Na kwenye daftari, mstari wa Jumapili, aliandika kwa penseli jina langu, na mbele yake, amesema atakuja.

Nisubirini kidogo.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2017, ambao walimkataza kusimama kwa nia njema na hawana lawama, kwa wafanyakazi wenzake wa zamani mliobeba jeneza pamoja na umri wenu, kwa majirani wote, na kwa namna ya pekee kwa fundi viatu, ambaye alikuwa mgeni wa kaka yangu miaka yote bila yeye mwenyewe kujua, maana kusikiliza nako ni kufika. Hatuwezi kuwataja wote, mtusamehe.

Sasa lile daftari. Hatukununua daftari la msiba. Leo saa kumi na mbili asubuhi, kabla hamjafika, nimepitisha kalamu ya wino juu ya penseli yake, jina langu likakolea, na kwenye safu ya tatu nikaandika swali, uliningoja mpaka saa ngapi? Kisha nikalipeleka mlangoni, na ninyi nyote mmeandika chini yangu. Niliposimama kuja hapa mlikuwa mmefika mia moja na tisini na wawili, na maswali yenu nimeanza kuyasoma, na mpaka mwezi Oktoba uishe mimi na watoto wake tutakuwa tumeyajibu yote, kwa barua, tutakayoyajua na tusiyoyajua. Langu peke yake ndilo halina wa kulijibu.

Nimebakiwa na ombi moja, na mwongoza ratiba anisamehe kwa kuwa halimo kwenye ratiba yake. Najua msibani watu hawapigi makofi. Lakini maonyesho ya mwaka huu hayajafungwa, hakuna aliyeyafunga, na mtu aliyekuwa akiyafunga peke yake tunaye hapa mbele. Naomba tusimame, kila mtu mahali pake, tumpigie dakika nzima, kwa nguvu, mpaka bati lisikie.

Ukumbi umefungwa, kaka. Wageni wamefika, na mimi nimefika, nimechelewa. Kaa chini sasa, vua viatu, pumzika kwa amani.